Mwalimu, kuonyesha filamu si sawa na kuinakili

Swali: Shikamoo mzee. Nafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari ya umma hapa Marekani, mwaka wa sita sasa. Darasani natumia sana filamu, maana wanafunzi wanasikia watu wanavyosalimiana, wanavyobishana bei, hata wanavyonyamaza. Nyingine naionyesha nzima kwa vipindi viwili. Nyingine nakata kipande, naweka kwenye slaidi, kisha napakia kwenye tovuti ya darasa ili aliyekosa kipindi naye aone. Mwezi uliopita mwenzangu akaniambia navunja sheria, eti mwisho ni dakika 3 au asilimia 10 ya filamu. Mwingine akasema nisijali, mwalimu ana kinga ya matumizi ya haki na anaweza kutumia chochote. Nani mkweli? Na ile filamu tunayowawekea watoto ukumbini Ijumaa ya mwisho wa muhula, nayo vipi? Mwanafunzi wangu pia ametengeneza video nzuri ya mradi wake, ametia wimbo unaovuma, anataka kuiweka mtandaoni. Halafu, nisikufiche, DVD ninayoipenda kuliko zote aliniletea binamu yangu kutoka nyumbani, na jalada lake ni la fotokopi.

Jibu: Marahaba, mwalimu. Wenzako wote wawili wamekupotosha, kila mmoja kwa upande wake. Huyo wa kinga atakuingiza matatani siku moja. Huyo wa dakika 3 anakunyima haki yako kila siku, na kwangu mimi ndiye anayekera zaidi, kwa sababu nimeshuhudia mwalimu akizima filamu mhusika akiwa katikati ya sentensi, eti dakika ya tatu imefika.

Nimekaa miaka kumi na minane kwenye dawati la hakimiliki la maktaba ya chuo. Mwalimu akiingia, swali lake la kwanza huwa "dakika ngapi?" Nami humrudishia swali: umeifanya nini hiyo filamu? Umeionyesha, umeinakili, au umewarushia watu walio mbali? Kwa sheria ya Marekani hivyo ni vitendo vitatu, na kila kimoja kina mlango wake. Walimu wengi wanaujua mlango mmoja tu, huo wa matumizi ya haki (fair use), yaani ruhusa ya kutumia kazi ya mtu bila kumwomba baada ya kupima mazingira, ambao una foleni ndefu na bawabu mbishi. Pembeni yake kuna mlango mwingine uliowekwa kwa ajili yao wenyewe, na hawaugusi.

Tuanze na huo. Sheria ya hakimiliki ya Marekani iliandikwa upya mwaka 1976 na ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 1978. Kifungu chake cha 110(1), kwa maneno ya kawaida, kinasema hivi: mwalimu au mwanafunzi akionyesha kazi darasani, wakiwa ana kwa ana, katika shughuli ya kufundisha, kwenye taasisi ya elimu isiyo ya kibiashara, hajavunja hakimiliki ya mtu. Kazi ikiwa ni filamu, linaongezeka sharti moja kuhusu nakala yenyewe, kwamba iwe imetengenezwa kihalali. Basi. Hakuna dakika humo, hakuna asilimia, hakuna kuomba ruhusa wala kulipa. Filamu ya saa mbili na nusu unaionyesha yote kwa vipindi viwili kama unavyofanya, mwaka huu na mwakani, na hujahitaji kutamka maneno "matumizi ya haki" hata mara moja.

Nakala kuwa halali hakumaanishi iwe mali ya shule. Uliyoinunua mwenyewe, uliyoazima maktaba, uliyoikodi, zote zinafaa. Yale maandishi ya "kwa matumizi ya nyumbani pekee" nyuma ya jalada huwatisha watu bure. Msambazaji hawezi kuifuta haki uliyopewa na Bunge kwa kuchapa mstari mmoja kwenye karatasi.

Akaunti za mtandaoni ni habari nyingine. Ukijiunga na Netflix au huduma yoyote ya aina hiyo hununui nakala, unaingia mkataba, na mkataba huo husema akaunti ni ya matumizi binafsi. Ukionyesha darasani, hakimiliki yaweza kuwa salama kabisa, ila umevunja ahadi uliyoibonyezea "nakubali" bila kuisoma, na wanaweza kukufungia akaunti. Netflix wenyewe wameruhusu baadhi ya filamu zao za hali halisi zionyeshwe kwa ajili ya elimu, na ruhusa hiyo huandikwa kwenye maelezo ya filamu husika, kwa hiyo tazama kwanza. Kwa filamu nyingine tafuta DVD. Najua shule zimeshatupa mashine zake. Ile moja iliyobaki stoo kaipanguse vumbi.

Sasa Ijumaa ukumbini. Kifungu kinataka onyesho liwe ndani ya kufundisha, na filamu ya kuwapongeza watoto kwa kumaliza mitihani si kufundisha, hata kama kwenye ratiba mmeiandika "utamaduni". Ukumbi wenyewe hauna kosa. Maktaba, ukumbi, hata uwanja wa michezo, mahali popote panapotumika kama darasa ni darasa mbele ya sheria. Kinachokutoa mlangoni ni shabaha ya onyesho na watu mliowaalika. Darasa lako likitazama ukumbini kwa sababu projekta nzuri iko huko, endelea. Shule nzima ikijaa, wazazi nyuma, bisi mkononi, hilo limekuwa onyesho la hadhara na linahitaji leseni.

Usidhani hakuna anayetazama. Novemba 2019, wazazi wa shule moja ya msingi huko Berkeley, California, waliandaa usiku wa filamu wa kuchangisha fedha. Waliweka The Lion King, ile yenye majina ya Simba na Rafiki tuliyoyatoa sisi bila kulipwa senti. Baba mmoja alikuwa ameinunua DVD dukani kihalali kabisa. Walikusanya dola 800. Miezi michache baadaye ikaja barua ya kampuni ya leseni ikidai dola 250. Habari ilipoenea, mkuu wa Disney wakati ule, Bob Iger, aliomba radhi hadharani na kuahidi kuchangia kutoka mfukoni mwake. Watu wengi walikumbuka radhi hiyo wakasahau kwamba kisheria barua ilikuwa sahihi. DVD halali, onyesho lisilo halali. Vitu hivyo viwili hukaa pamoja bila ugomvi. Kabla ya Ijumaa ijayo waulize ofisini kama shule ina leseni ya mwaka ya maonyesho ya hadhara. Shule nyingi zinayo na walimu hawajui. Uliza pia inagusa studio zipi, kwa kuwa haigusi zote.

Dakika 3 zilitoka wapi basi? Zilitoka mwaka 1996. Wachapishaji, watayarishaji na wawakilishi wa taasisi za elimu walikaa wakaandika mwongozo wa hiari kwa walimu wanaotengeneza vipindi vya kompyuta: asilimia 10 au dakika 3 za filamu, kiasi kidogo kati ya hivyo viwili, na kwa muziki asilimia 10 au sekunde 30. Bunge halikupitisha kitu. Hakuna kifungu chenye namba hizo. Lakini namba ina utamu wake, inaandikika ubaoni, na baada ya miaka michache shule zikaanza kuifundisha kana kwamba ilishuka na mbao za mawe. Mwaka 2014, katika kesi ya wachapishaji dhidi ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Georgia iliyohusu sura za vitabu, mahakama ya rufaa ilimkosoa jaji wa chini kwa kutumia kipimo cha asilimia 10 kama rula. Ikasema kila kazi ipimwe kwa hali yake. Ukiwa na mtu anayeng'ang'ania asilimia, mwambie hivyo.

Namba moja ambayo bado ina maana kidogo ni ya mwaka 1981, nayo inahusu kurekodi vipindi vya televisheni za matangazo ya wazi. Huo nao ni mwongozo tu: rekodi hukaa siku 45, na kumwonyesha mwanafunzi hufanyika ndani ya siku 10 za kwanza za shule. Siku hizi hakuna anayerekodi televisheni, kwa hiyo sitakaa hapo.

Mlango mgumu ni huu wa kunakili. Unapokata kipande na kukibandika kwenye slaidi umetengeneza nakala mpya, na 110(1) haikuruhusu kunakili, ilikuruhusu kuonyesha. Hapa ndipo matumizi ya haki yanapoingia, na hapa ndipo hupati jibu la ndiyo au hapana kabla ya kutazama kipande chenyewe.

Wazo hili ni la zamani kuliko filamu. Mwaka 1841 Jaji Joseph Story alikuwa na kesi ya mwandishi aliyechukua kurasa 353 za barua za George Washington kutoka kwenye kazi ya mwenzake na kuzitia katika kitabu chake cha kurasa 866. Story alimkatalia, lakini katika kueleza sababu akaweka vipimo ambavyo Bunge liliviingiza kwenye kifungu cha 107 mwaka 1976. Ni vinne: kusudi la matumizi, aina ya kazi iliyotumiwa, kiasi na uzito wa kilichochukuliwa, na athari kwa soko la mwenye kazi. Kifungu chenyewe kinataja kufundisha kwa jina, na ndiyo maana mwenzako wa pili anadhani ni kinga. Kutajwa kunakupa mwanzo mzuri kwenye kipimo cha kwanza. Vipimo vitatu bado vinakungoja.

Hebu tuvipitishe kwenye kipande cha kweli. Tuseme filamu yako ni ya dakika 95, hadithi ya kubuni, na umekata dakika 2 na sekunde 40 za sokoni. Muuzaji anamwita mteja "dada" mara mbili, bei inapogoma anahamia "mama", na mteja anapogeuka kuondoka anaitwa "mama yangu". Wewe umekisimamisha kipande mara tatu, na chini ya kila picha umeandika swali: amebadilisha jina la kumwitia wakati gani, na kwa nini? Kwenye kipimo cha kwanza uko imara. Mtengenezaji alilitoa tukio hilo ili mtazamaji ajue shida ya mhusika, wewe umelifanya kuwa kielelezo cha lugha. Mahakama ya Juu ilisema mwaka 1994, katika kesi ya wimbo wa dhihaka, kwamba kadiri matumizi yanavyoipa kazi maana au kusudi jipya, ndivyo vipimo vingine vinavyopungua uzito. Mwaka 2023, katika kesi ya picha za msanii Andy Warhol, mahakama hiyohiyo ilibana kidogo: kuongeza maana mpya hakutoshi ikiwa kazi zote mbili zinatumika kwa kusudi lilelile. Lako si lilelile.

Kipimo cha pili kinakulemea kidogo, kwa kuwa hadithi ya kubuni inalindwa kuliko taarifa ya habari. Mara chache ndicho kinachoamua. Cha tatu kinauliza kiasi, na watu husahau neno "uzito". Mwaka 1985 jarida moja lilishindwa katika Mahakama ya Juu kwa kuchukua maneno kama 300 tu kutoka kumbukumbu za Rais mstaafu Gerald Ford ambazo zilikuwa bado hazijachapishwa. Kumbe maneno yale yalikuwa moyo wa kitabu, yalieleza jinsi alivyomsamehe Nixon, rais aliyemtangulia. Kwa hiyo dakika zako mbili na ushei zikiwa ni za sokoni, sawa. Zikiwa ndizo zinazofichua siri ambayo filamu nzima inaisubiri, mtu anaweza kukuhoji. Na cha nne: je, kuna aliyeacha kununua filamu kwa sababu ameona mabishano ya bei ya nyanya? Hakuna. Wengine huenda wakainunua.

Sasa badilisha kitu kimoja tu. Badala ya filamu ya hadithi, chukua video iliyotengenezwa mahususi kufundisha Kiswahili, yenye sehemu 12 fupi, inayouzwa kwa shule. Ukate sehemu moja, dakika zilezile 2 na sekunde 40, uiweke kwenye slaidi bila swali lolote, kama ilivyo. Kusudi ni lilelile la mtengenezaji, umechukua sehemu kamili, na mteja uliyemkosesha ni wewe mwenyewe pamoja na shule yako. Dakika zilezile, jibu limegeuka. Ndiyo sababu simjibu mtu anayeniuliza dakika.

Kabla hujakata, kuna kufuli. Filamu nyingi kwenye DVD zimefungwa kidijitali, na sheria ya mwaka 1998 ilikataza kuvunja kufuli hilo hata kama matumizi yako yenyewe ni ya haki. Kwa kweli ni sheria ya ajabu: unaruhusiwa kula lakini huruhusiwi kufungua chungu. Dawa yake ni misamaha ambayo Mkutubi wa Bunge la Marekani huitoa kila baada ya miaka mitatu. Kwa walimu ilianza mwaka 2006 kwa wigo mwembamba sana, ikiwahusu walimu wa filamu vyuoni, ikapanuka duru baada ya duru hadi ikawafikia walimu wa shule kama wewe, kwa vipande vifupi vya kuhakiki, kutolea maoni au kufundishia. Kwa shughuli yako njia nyepesi zaidi ni kurekodi skrini filamu inapocheza badala ya kuichokonoa diski. Ubora unapungua kidogo, lakini wanafunzi wako wanahitaji kumsikia muuzaji. Hesabu ya tundu za ngozi yake si kazi ya darasa la Kiswahili.

Tunafika kwenye tovuti ya darasa, na hapa nitakuwa mkali, kwa kuwa ndipo nilipojikwaa mimi mwenyewe. Mwaka wangu wa pili kazini niliruhusu filamu nzima ya mtayarishaji mdogo ikae kwenye ukurasa wa kozi muhula mzima. Nilidhani ukurasa una nywila. Haukuwa nayo. Mtayarishaji aliipata kwa kutafuta jina la filamu yake mtandaoni, akatuandikia barua ya heshima kuliko tuliyostahili, na chuo kikalipa leseni. Tangu siku hiyo kila ukurasa naufungua kwanza kwenye simu ambayo haijaingia akaunti yoyote. Fanya hivyo leo jioni kwenye tovuti yako.

Kwa kurusha kwa wanafunzi walio mbali kuna kifungu cha 110(2), kilichorekebishwa mwaka 2002. Ni kibahili kuliko kaka yake. Filamu ya hadithi huruhusiwi yote, ni sehemu ya kiasi tu. Wanaopokea wawe waliojiandikisha kwenye kozi. Lazima kuwe na vizuizi vya kiufundi ili nakala isibaki kwa mwanafunzi baada ya kipindi, na shule iwe na sera ya hakimiliki iliyoandikwa. Masharti haya mengi yanaihusu ofisi, wewe peke yako huwezi kuyatimiza. Shule ikiwa haijajipanga, unabaki na kifungu cha 107, ambacho kwa kipande chako cha sokoni, nyuma ya nywila, kwa wiki moja au mbili, ukiwa na maswali yako juu yake, kinakutosha. Filamu nzima kwa sababu mtoto mmoja alikuwa na mafua, hapana. Mwite atazame wakati wa mapumziko.

Mahakama zenyewe zimeacha pengo hapa. Watengenezaji wa video za elimu waliishtaki UCLA, yaani Chuo Kikuu cha California huko Los Angeles, kwa kuweka DVD nzima kwenye kurasa za kozi. Kesi ilitupwa mwaka 2011, ikarudi, ikatupwa tena mwaka 2012, kwa sehemu kwa sababu chuo hicho ni cha jimbo na kina kinga yake. Baadhi ya vyuo vilishangilia kana kwamba njia imefunguliwa kwa wote. Mimi nakumbuka zaidi kesi ya miaka ya 1980 mwanzoni, ya huko Erie, jimbo la New York. Ushirika wa shule ulikuwa na wafanyakazi na mitambo ya kurekodi vipindi vya elimu kwenye televisheni, ukatoa maelfu ya kanda na kuzigawa mashuleni. Hakuna aliyepata faida hata shilingi. Kampuni ya Encyclopaedia Britannica na wenzake, waliokuwa wakiziuzia shule filamu hizohizo, waliushtaki wakashinda. Nia njema ilikuwepo tele, lakini kazi iliyofanyika ilikuwa ya kiwanda cha nakala.

Video iliyoko tayari YouTube usiipakue, masharti yao yanakataza na huna haja. Weka kiungo. Kiungo si nakala, na mtengenezaji anapata watazamaji wake. Angalia tu nani ameiweka. Filamu nzima iliyopakiwa na akaunti isiyo na uso wala jina ni nakala ya wizi, na wewe hutaki kuwa mtu anayewaelekeza watoto huko.

Mwanafunzi wako. Ndani ya darasa akiionyesha video yake yenye wimbo, hana tatizo. 110(1) inamtaja mwanafunzi sawa na mwalimu. Akiiweka mtandaoni kwa dunia nzima, ametoka darasani. Swali langu kwake lingekuwa: wimbo unafanya kazi gani? Kama video inauchambua wimbo, inaudhihaki, au umesikika tu nyuma kwa sekunde chache, ana hoja. Kuna mama aliyerekodi mtoto wake akicheza jikoni kwa sekunde 29 huku wimbo wa mwanamuziki Prince ukisikika. Kampuni ya muziki ikataka video iondolewe, na mwaka 2015 mahakama ya rufaa ikasema mwenye haki lazima afikirie kwanza matumizi ya haki kabla ya kutuma notisi. Na mwaka 2020 mahakama hiyo ilimtetea mwalimu wa kwaya ya shule ya Burbank, California, aliyetia kibwagizo cha kama sekunde 20 ndani ya onyesho la dakika 18 lililokuwa na hadithi yake mpya. Lakini kama wimbo umewekwa mwanzo hadi mwisho ili video isipooze, hiyo ni kazi ambayo watu huilipia, na hoja hana. Jambo la pili la kumweleza ni kwamba mitambo ya YouTube haijui sheria. Inalinganisha sauti tu. Itafunga video iliyo halali na kuiacha isiyo halali, kwa hiyo kufungiwa kusimfanye ajione mwizi, na kuachwa kusimfanye ajione yuko sahihi. Kwa mradi wa shule ningemshauri atafute muziki wenye leseni huria, au ampigie magoti rafiki mwenye gitaa.

Uliogopa kuuliza fedha, nami nitakuambia. Sheria inaruhusu mahakama kutoza kati ya dola 750 na dola 30,000 kwa kila kazi, na hadi 150,000 kwa anayevunja kwa makusudi. Lakini kifungu cha 504 kina mstari unaomhusu mfanyakazi wa taasisi ya elimu isiyo ya kibiashara: akiwa amenakili akiamini, kwa sababu za msingi, kwamba ni matumizi ya haki, mahakama inapaswa kumwondolea fidia hizo. Maneno yenye uzito ni "sababu za msingi". Kwa hiyo ukikata kipande, andika nusu ukurasa siku hiyohiyo, na tarehe: kipande gani, kwa somo gani, vipimo vinne vinasemaje. Hifadhi kwenye faili la somo. Inachukua dakika kumi.

Msomaji mwingine anayefundisha Kenya au Tanzania asichukue haya yote akayatumia huko. Matumizi ya haki kwa umbo hili ni ya Marekani. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2001 na Tanzania ya mwaka 1999, kila moja na ruhusa zake za kufundishia. Wanachoshirikiana ni Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, ambao Kenya iliingia mwaka 1993, Tanzania mwaka 1994, na Marekani yenyewe mwaka 1989 tu, baada ya kuukwepa zaidi ya karne nzima. Maana yake kwako ni kwamba filamu ya nyumbani ukiwa Marekani inalindwa sawasawa na ya Hollywood.

Na hapo tunafika kwa binamu yako. Lile sharti la nakala halali lina mkia: unapoteza ruhusa ikiwa nakala ni ya wizi na wewe ulijua, au ulikuwa na sababu ya kujua. Jalada la fotokopi, mwalimu, ndiyo hiyo sababu. Iache nyumbani, hata kama ni filamu bora kuliko zote ulizonazo. Na hata kipande chake usikikate kabla hujapata nakala safi, kwani kuanzia kwenye nakala ya wizi kunachafua hoja zote nzuri ulizonazo.

Badala yake mwandikie mtayarishaji. Jina lake liko mwishoni mwa filamu, na wengi wao wana kurasa mtandaoni wanazozisoma wenyewe. Mara nyingi nimepata jibu ndani ya wiki. Mmoja aliomba tu tumtumie picha ya darasa likitazama. Barua isizidi mistari mitano. Wewe ni nani na unafundisha wapi. Filamu gani. Utaionyesha nzima darasani kwa wanafunzi wangapi, na kipande kipi, kuanzia dakika gani hadi gani, ungependa kukiweka kwenye ukurasa wenye nywila kwa muda gani. Muulize nakala halali inauzwa wapi, nawe ulipe. Usiandike "kwa ajili ya elimu" ukaishia hapo, kwa sababu anaposoma hivyo hajui kama unaomba dakika mbili au filamu yote milele. Jibu likija lichapishe, liweke pamoja na DVD mpya ndani ya jalada.